Pamba ya Infraredi

Nianze kwa kukuambia jambo moja ili tusisumbuane mbele: mimi, Kiilu, sijawahi kumdanganya mtu. Uliza kutoka Kyuso mpaka Kiboko. Wenzangu wana midomo, mimi nina kamera. Napiga picha, naiweka mbele yako, nanyamaza. Ukiona kitu ambacho hakipo, hayo ni mambo yako na macho yako, mkapatane huko.

Kamera yenyewe ilitoka kwa Abdallah, fundi wa simu na redio pale sokoni Kwa Vonza. Mtu alimletea ikiwa imekufa, hakurudi kuichukua, na Abdallah, ambaye hawezi kuona skrubu akaiacha ilivyo, akaifungua. Ndani, mbele ya kile kijicho kinachopokea picha, kuna kioo chembamba ambacho watengenezaji huweka ili kuzuia mwanga fulani usioonekana na binadamu. Wenyewe wanauita infraredi. Abdallah akakitoa hicho kioo, kamera ikafufuka. Kisha akanitafutia kioo kingine cha kufunika lenzi, chekundu kilichokolea mpaka kinakaribia kuwa cheusi, kinachofukuza mwanga wa kawaida na kuuacha huo wa siri upite.

"Sasa hii haioni tunachoona sisi," akaniambia. "Inaona yake."

Na kweli iliona yake. Jani bichi hurudisha huo mwanga kama bati jipya linavyorudisha jua, kwa hivyo kwenye picha majani yote hutoka meupe pe. Anga inakuwa nyeusi. Dimbwi la maji linakuwa kama lami. Nilipopiga kilima chetu baada ya mvua ya Novemba, mama alishika picha kwa vidole viwili, akauliza ni nani amemwaga unga wote huo kilimani, na kama umemwagwa kwa nini hajaitwa.

Basi nikashikwa na ugonjwa wa kutembea. Nilienda Kyuso, nikapiga mashamba ya ndengu yakatoka kama mtu ameanika shuka za hospitali nzima. Nilishuka mito ya mchanga ambayo haina maji ila ina heshima, nikapiga migunga ya ukingoni ikasimama pale kama maharusi wamesubiri bwana arusi mpaka wamekasirika. Mahali nilipopita miaka yote nikienda shule, nikiona vumbi na mbuzi, sasa niliona nchi nyingine. Ningekuwa na akili ningeishia hapo, kwenye miti. Watu ndio walileta shida. Rangi nyingi nyeusi za nguo, huo mwanga huzipita kama hazipo. Mjomba Mbuvi, mzee wa kanisa, alisimama mbele ya madhabahu na koti lake jeusi la Jumapili, picha ikatoka na koti la rangi ya chai ya maziwa. Akakataa kuichukua. Alisema hajawahi kuwa na koti kama hilo, na nisimwingize kwa koti la mtu.

Safari hizo ndizo zilinifikisha Kiboko, na Kiboko ndipo nilimpata Wariara. Nilikuwa nimeingia duka la baba yake kuomba kuchaji betri. Ni duka la mbegu, dawa za mifugo, misumari na chochote kingine ambacho mkulima husahau mpaka afike barabarani. Wariara alitazama picha zangu moja moja, akauliza kama kwetu kunaanguka theluji au ni uchokozi tu. Nikamwambia ni uchokozi. Akacheka. Betri ilijaa, mimi nikaendelea kuchaji. Ilifika mahali makondakta wa barabara ya Mombasa walikuwa wakiniona wananiuliza kama duka la watu halijafungwa kwa sababu yangu.

Baba yake anaitwa Chege. Alitoka Murang'a akiwa kijana, akauza viazi kando ya barabara, kisha mbegu, akajenga, akazaa, akazeeka uso bila kuzeeka nywele. Nywele zake ni nyeusi ti, kama za mtoto wa kidato cha pili. Ni mtu mzuri, ila kuhusu Kitui, kwetu, alikuwa na msimamo wake: ni mahali ambapo mbuzi hula katoni na watu huangalia mawingu kwa zamu. Kwa hivyo siku Wariara aliponipeleka sebuleni nijitambulishe, mzee hakuniuliza kazi, hakuniuliza kanisa. Aliniuliza swali moja tu, huko kwetu kunaota nini.

Sasa, ungekuwa wewe ungejibu mbaazi. Mbaazi ni jibu zuri. Kilima chetu chote kimechimbwa matuta, kazi ya marehemu babu na jembe lake, na kwa kila tuta kuna mstari wa mbaazi umesimama kama wanafunzi wa gwaride. Mimi pia ningejibu mbaazi. Lakini kwa sababu mimi ni mtu wa picha, nilimpa picha. Chege akavaa miwani, akaisogeza, akaivuta karibu. Matuta yamepangana, kila tuta na mstari wake mweupe, na anga nyeusi juu.

"Hii ni pamba," akasema.

Usimcheke mzee. Mtu wa Ulaya angesema theluji. Lakini huyu ni mtu wa duka la mbegu, na msimu huo watu wa Kitui walikuwa wanakuja kwake kuulizia mbegu ya pamba, kwa vile kulikuwa na habari kwamba itarudi kama zamani, wakati watoto walikuwa wanalala juu ya magunia yake. Mistari myeupe kwenye matuta ya Kitui ingekuwa nini kingine?

Mimi nikanyamaza. Kunyamaza si kudanganya, hata mahakamani wanakuruhusu. Akauliza ni ekari ngapi. Nikamwambia hatujawahi kumaliza kuizunguka, jambo ambalo ni kweli, kwani ni nani huzunguka shamba lake? Uso wa Chege ulifunguka kama duka saa ya asubuhi. Mkewe, Mama Gakenia, akaniongezea chai bila kuniuliza.

"Nisikie, kijana," Chege akasema. "Nitakuja kuona kwa macho yangu. Nikiona hii pamba, wazee wenu walete mbuzi wao tuongee. Nisipoiona, utafute msichana kwingine, kwa sababu mimi sitazeeka nikimtumia mtoto wangu unga kwa basi."

Wariara alinisindikiza mpaka barabarani. Tulipofika kwenye stendi akanigeukia.

"Kiilu, ile ni pamba?"

Nikamwambia ile ni infraredi.

"Nimekuuliza kitu kingine."

Nikamwelezea mambo ya jani na mwanga, akanisikiliza kama mtu anayesikiliza mbuzi akikohoa. Kisha akasema nimpigie baba yake simu, nimwambie ni mbaazi, kabla hajatia mafuta kwa pikapu. Yeye hatasema neno, kwa vile si yeye aliyenyamaza sebuleni. Nikakubali. Nilikuwa nimeamua kabisa kupiga. Lakini unajua vile mtandao wa kwetu ulivyo, unaweza kuwa na nguvu kabisa na bado mtu akashindwa kupiga.

Wakaja Jumamosi. Mama nilikuwa nimemwambia kwamba watu wa Kiboko wanapenda matuta na wanakuja kuyaona, kwa hivyo avae vizuri. Mama akavaa viatu vya kanisa, akaanza kupika tangu alfajiri. Mimi nikaenda kuwapokea ng'ambo ya mto wa mchanga, pale ambapo pikapu haiwezi kuvuka, na nilikuwa nimepachagua kwa makusudi. Ukisimama ng'ambo ile, kilima chetu chote kiko mbele yako, ila mbali kidogo. Mbali ni rafiki wa mtu.

Chege akashuka, akavua kofia, akapangusa jasho, akatazama kilima. Kilima kilikuwa kijani. Kijani cha mbaazi zilizoshiba mvua, na maua yake ya manjano. Kilikuwa kizuri, kwa kweli, na hakikuwa na tatizo lolote ila rangi.

"Pamba iko wapi?"

Nikamwambia jua la saa hizo hula weupe, jicho linachoka, na siku hizi wakulima wa kisasa hutazama shamba kwa skrini. Nikamshikia kamera mbele ya uso. Kilima kikachanua chote, kutoka chini hadi kwenye jiwe la juu, matuta meupe kama meno. Mzee akamwita Mungu polepole, "Ngai." Nikamwona Wariara anaangalia viatu vyake.

Ningefunga kamera hapo. Lakini Mama Gakenia ni mtu wa kushika vitu. Ukienda naye sokoni, hakuna nyanya inayobaki bila kusalimiwa. Akaomba kamera, akapitisha kwa kilima, akapitisha kwa mbuzi waliokuwa mtoni, akapitisha kwa binti yake, kisha akaielekeza kwa mumewe. Akasimama. Akainua macho kutoka kwenye skrini, akamtazama Chege hivi hivi, akarudi kwenye skrini. Halafu alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa mto na nguo yake nzuri.

Nikachungulia. Kichwa cha Chege kwenye skrini kilikuwa cheupe kama sufuria ya maziwa.

Rangi ya nywele, rafiki yangu, ni kama rangi ya koti la Mjomba Mbuvi. Huo mwanga huipita, ukakuta mvi zimekaa chini yake zimetulia. Kumbe kila baada ya muda mzee hujifungia stoo, nyuma ya magunia ya mbolea, na kikopo na mswaki mzee, akidhani hakuna anayejua. Mkewe alikuwa anajua. Alikuwa tu hajawahi kupata picha.

"Baba Wariara," akasema akipangusa machozi, "na wewe umechanua."

Chege akavaa kofia. Mama Gakenia akanigeukia, bado ameshika kamera yangu, na sauti yake ilikuwa tamu kupita kiasi.

"Kijana wangu, hebu niambie. Hii kamera inasema ukweli ama inadanganya?"

Tafadhali simama hapo nilipokuwa nimesimama. Nikisema inasema ukweli, nimemvua baba mkwe nywele mbele ya mke na mtoto. Nikisema inadanganya, nimeng'oa pamba kilima kizima. Chege alikuwa ananitazama chini ya kofia, na lile jicho halikuwa la mtu anayetaka kujua habari za pamba.

"Mama," nikasema, "inategemea imeelekezewa nani."

Chege akakohoa. Akasema kijana huyu ana heshima, na kwamba jua limekuwa kali, twende tukanywe chai ya watu. Tulipovuka mchanga alinishika bega mara mbili. Wariara alikuja nyuma akaninong'oneza kwamba nimeokoka kwa mtindo wa panya, kutoka shimo moja kuingia lingine. Nikamwambia panya hawajaisha duniani.

Mama alikuwa ametengeneza muthokoi na mbaazi mbichi, mahindi yametwangwa yakavuliwa maganda, laini, na chapati kando. Chege alikula sahani ya kwanza bila kuongea. Ya pili aliongea. Alisema tangu afike upande huu wa nchi hajala mbaazi kama hizo, akauliza zinatoka wapi. Mama akaelekeza mwiko kilimani kupitia mlangoni, akasema zote hizo, ni kilima chote, na nyingine hugawia watu.

"Na pamba?" Chege akauliza.

"Pamba gani?" mama akauliza.

Nikaingilia haraka kwamba kwetu Ukambani wakwe hawataji mazao wakati wa kula, ni mwiko, mimea inaweza kusikia ikakasirika.

"Tangu lini?" mama akasema.

"Tangu zamani, mwaitu."

Mama akainua mwiko wake wa kupakulia. Yeye si mtu wa kumwaibisha mtoto mbele ya wageni, lakini ule mwiko ulibaki hewani, na nilijua kwamba wageni wakishaenda utatua mahali.

Baada ya kula Chege akasema haya, mwiko umeisha, sasa aishike pamba kwa mkono. Na hapa nitakuambia jambo ambalo hata mimi sina maelezo yake. Tuta la kwanza, lile la kando ya njia karibu na lango, lilikuwa na pamba. Wallahi, kama anavyosema Abdallah. Hapa na pale, kwenye ncha za matawi, vidonge vyeupe, laini, vimekaa vizuri. Mungu akitaka kumficha mja wake hufanya mambo, na mimi si mtu wa kumuuliza Mungu maswali. Hata mbuzi mmoja alikuwa ameshapita hapo na alikuwa na ndevu nyeupe upande mmoja.

Chege akachuma kidonge kimoja, akakipasua kwa kucha. Akachuma kingine, akakipasua pia. Wariara akachuma chake, akakivuta, kikavutika kikawa kirefu kama utepe, kikiwa kimekunjwa vizuri ndani.

"Haina mbegu," Chege akasema.

Nikamwambia ni aina mpya.

"Kijana, mimi nauza mbegu. Kitu kisicho na mbegu huwa kinapandwa nini?"

Nilikuwa bado nalitafuta jibu, na lilikuwa njiani, nakuhakikishia, wakati bodaboda iliposimama langoni. Mwanamke akashuka, amejifunga leso, ana chupa kubwa ya uji kwa mkono mmoja na kikapu cha machungwa kwa mwingine. Ni Tima, mke wa Abdallah fundi, ndiye mwenye duka la dawa pale sokoni. Na kwetu unajua mtu akisikia jirani ni mgonjwa haji mikono mitupu, wala hangoji kuitwa. Akatusalimia wote mbio mbio kama mtu aliye na wasiwasi, akatupita, akaenda moja kwa moja kwa mama, akamshika mikono yote miwili.

"Mama Kiilu, na ulitoka kitandani?"

Mama akamwambia ametoka kitandani tangu alfajiri, ana wageni.

"Basi Mungu ni mkubwa," Tima akasema, macho yake yakishuka chini polepole. "Kiilu alikuja jana akachukua pamba yote ya dukani. Ikawa haitoshi, akanituma nimtafutie na kwa jirani. Akasema umejikata mguu na shoka. Sikulala. Nikamwambia Abdallah, mtu wa kumaliza pamba hiyo yote, huo mguu bado uko?"

Tukaangalia miguu ya mama. Yote ilikuwa pale, ndani ya viatu vya kanisa, haina neno.

Chege akaleta kile kidonge puani, akakinusa kama anavyonusa mbegu iliyooza. Kilinuka zahanati. Nikafungua mdomo nieleze, na Mama Gakenia, bila haraka, akainua kamera yangu akanielekezea, akasema ngoja kwanza aone ukweli wangu uko rangi gani. Nikaufunga mdomo.

Chege akanipita kama nguzo ya lango, akamwendea mama.

"Mama Kiilu, mbaazi zile nilizokula, ni za hapa kweli? Si za duka?"

"Ni za hapa," mama akasema. "Mngeniuliza mimi tangu mwanzo."

Chege akatazama kilima kwa macho yake mwenyewe, bila skrini. Kisha akasema wazee wa kwetu wanaweza kuleta hao mbuzi, yeye mtu wa mbaazi za namna hiyo hana neno naye. Lakini siku hiyo wakija, msemaji asiwe huyu. Hakunitaja jina. Alinionyesha kwa kidole kilichokuwa na pamba.

Tima alikuwa bado amesimama na chupa yake, anatutazama mmoja mmoja.

"Sasa jamani," akauliza, "mgonjwa ni nani? Uji unapoa."

"Ni huyu," Wariara akasema. "Mpe wote, mama, na usimwache mpaka amalize."